Kusimama Kwanza, Kuzunguka Baadaye

Mwanzo wa ngoma ni lele, walisema wahenga. Katika dansi ya baleti, iliyolelewa kwa karne nyingi katika Italia, Ufaransa na Urusi, lele hiyo ni kusimama. Mchezaji huanza mazoezi akishika mti mrefu uliofungwa ukutani, kimo cha kiuno. Kisha huuacha, akaenda katikati ya ukumbi. Hapo ndipo hujulikana ni nani aliyejifunza kusimama, na ni nani aliyekuwa akisimamishwa na mti.

Kusimama huko si kukakamaa. Aukazaye mwili wote kama gogo huanguka upesi, kwa maana kifundo cha mguu hakipati nafasi ya kusahihisha makosa madogo yatokeayo kila nukta. Yafaa uzito uwe juu ya mguu mmoja, nyonga ziwe sawa, tumbo livutwe ndani, mabega yashuke, wala pumzi isizuiwe.

Askari katika gwaride hugeuka nyuma miguu yake yote miwili ikigusa ardhi. Mchezaji wa baleti huzunguka kwa mguu mmoja tu, tena kisigino kikiwa juu. Kwa hiyo mzunguko wake hutengenezwa kabla haujaanza. Hukunja magoti taratibu, akaisukuma sakafu, akainuka wima. Ncha ya mguu wa pili huwekwa penye goti, na mikono hukusanywa mbele ya kifua. Mikono ikikaribia mwili, kasi huongezeka yenyewe. Arushaye bega ili apate nguvu huupindisha mwili, naye huyumba.

Kichwa nacho kina kazi yake. Macho hukaza alama moja ukutani. Kichwa huwa cha mwisho kuondoka na cha kwanza kurudi. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye maji. Mwili ukisimama ghafula baada ya kuzunguka, maji hayo huendelea kwenda, na mtu huona kizunguzungu. Utafiti wa Imperial College London uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ubongo wa wachezaji wenye mazoezi ya miaka mingi huipunguza hisia hiyo.

Mwaka 1895, mjini St. Petersburg, Mwitalia Pierina Legnani alizunguka mara 32 mfululizo katika mchezo wa Ziwa la Bata Maji, mguu mmoja ukichapa hewa kama mjeledi. Mathilde Kschessinska wa Urusi alifanya bidii hata naye akaimudu mizunguko hiyo. Agrippina Vaganova, aliyecheza katika mji huo huo, alikuwa mwalimu mashuhuri, na mwaka 1934 alitoa kitabu cha kufundishia misingi ya baleti.

Mwanafunzi wa leo hana haja ya kuanza na 32. Na ainuke kwa mguu mmoja, atulie, ashuke polepole. Akiweza, afanye robo ya mzunguko, kisha nusu, kisha mzima, kuume na kushoto vile vile. Anayelazimisha mizunguko mingi kabla ya kifundo kupata nguvu huweza kukiteguka, akakaa nje ya ukumbi kwa majuma. Mzunguko mmoja uliomalizika kwa utulivu ni bora kuliko mitatu iliyoishia katika kuyumba.