Bomba Likikauka, Nani Atalitengeneza?



Katika vijiji vingi nchini liko tangi lisilo na maji. Bomba lipo. Koki ipo. Mashine imefungiwa kibandani, inaota kutu. Kina mama wamerudi mtoni na ndoo zao. Watoto wanaharisha kwa maji machafu. Kwa nini mradi uliogharimu fedha nyingi unakufa namna hii?

LENGO LA MIAKA 20

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa hili: ifikapo mwaka 1991, kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Nchi rafiki zilisaidia. Sweden ilisaidia mikoa ya Ziwa Victoria. Finland ilisaidia Mtwara na Lindi. Denmark ilisaidia Iringa, Mbeya na Ruvuma. Visima vilichimbwa. Mabomba yalilazwa. Mashine zilifungwa.

Mwaka 1991 ulifika, lengo likawa halijatimia. Miradi mingi iliyojengwa ilikuwa imesimama.

KWA NINI ILISIMAMA?

Kwanza, dizeli. Bei ya mafuta ilipanda sana duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Mwanakijiji alipata maji bure. Serikali ndiyo iliyolipa. Fedha zilipopungua, mashine zilizimwa.

Pili, vipuri. Mashine zilitoka nchi mbalimbali. Kipuri cha mashine hii hakikuingia katika mashine ile. Kifaa kidogo kilivunjika, na kijiji kizima kikakosa maji.

Tatu, mradi haukuwa na mwenyewe. Wanakijiji walichimba mitaro kwa mikono yao, lakini mradi uliitwa wa Serikali. Bomba lilipopasuka, walimngoja fundi kutoka wilayani. Fedha za kujenga zilitafutwa. Fedha za kutengeneza zilisahauliwa.

SIKU HIZI

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka wanavijiji wachangie gharama za kuendesha na kutengeneza miradi yao. Sheria ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Vyombo vya maji vya wananchi husimamia miradi.

Vijiji vingine hutumia pampu za nguvu ya jua. Hizo hazinywi dizeli. Lakini kumbuka: jua halina bei, pampu ina bei. Siku moja itaharibika.

TUFANYE NINI?

1. Tuweke akiba kabla pampu haijaharibika. Tupige hesabu: kaya 200 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka zitapata shilingi 2,400,000.

2. Tuchague vijana wa kijijini, wa kike na wa kiume, wafundishwe ufundi wa pampu.

3. Tulinde fedha. Fedha za maji zikiliwa, bomba hukauka. Dai stakabadhi kila unapolipa. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Hesabu za maji zibandikwe ukutani. Zisome: zimeingia ngapi? Zimetoka ngapi? Zimebaki ngapi? Kama hazilingani, uliza mkutanoni.

Koki ikivuja leo, itengenezwe leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mradi wa maji wa kijiji chenu una akiba kiasi gani?
2. Fundi wenu ni nani?
3. Mara ya mwisho mlisomewa hesabu lini?