Viinitete Vinavyobaki Viulizwe Kabla ya Sindano

Mke na mume wa Mtawanya wanaotafuta mtoto kwa njia ya maabara hushika barabara ya Kilwa hadi Dar es Salaam, na nauli ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Matibabu yenyewe pengine humeza pesa ya korosho ya misimu kadhaa. Wanachowaza ni kimoja: mimba ishike. Swali la viinitete vya ziada, yaani mayai yaliyotungishwa yakabaki, huwajia mtoto akishazaliwa, huku mtungi wa naitrojeni ungali na vingine vyao. Hapo wameshachelewa.

Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa siku 10 hivi au zaidi, ili mayai mengi yakomae pamoja. Yakivunwa, hukutanishwa na mbegu za mume. Baadhi hutunga, na machache hufika siku ya tano: kiinitete cha seli mia na ushei, kidogo kuliko punje ya chumvi. Kimoja au viwili hupandikizwa. Vinavyobaki hugandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na huweza kukaa miaka 20 vikaleta mtoto mzima.

Mkulima wa mpunga akibakiza mbegu, huila au humgawia jirani. Kiinitete hakigawiki hivyo. Mwaka 1990 mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliharamisha kukipandikiza kwa mwanamke mwingine. Lilisema pia kwamba, kwa kuwa mayai yasiyotungishwa sasa yanahifadhika, yatungishwe yale tu yanayohitajika. Ziada ikitokea, iachwe bila matunzo hadi uhai wake ukome wenyewe. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa 2008, liliiona hali ya viinitete hivi kuwa dhuluma isiyo na suluhisho, na likakataa hata vitumike katika utafiti. Wakubwa hawa wawili hawakubaliani kuhusu matibabu yenyewe, lakini wote wanaumizwa na ziada.

Sheria yetu ya Ndoa ni ya 1971, miaka saba kabla ya Louise Brown, mtoto wa kwanza wa maabara, kuzaliwa Uingereza. Haikuwaza mtungi. Kwa hiyo fomu ya ridhaa ya hospitali hubeba mzigo mkubwa: mume akifa, wakiachana, ada ya hifadhi ikiwashinda, itakuwaje? Uingereza, Agosti 1996, maelfu ya viinitete viliyeyushwa baada ya muda wa kisheria kwisha, wengi wa wenyewe wakiwa hawakujibu barua. Naomba fomu iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti, na mke aulizwe peke yake, mama mkwe akiwa nje.

Zaidi ya fomu, kuna idadi. Kutungisha mayai machache kunaweza kumrudisha mwanamke kwenye sindano na gharama upya. Mwenye miaka 40 na mayai manne, ningemshauri atungishe yote. Mwenye miaka 26 na mayai 15, anayetaka watoto wawili, ningemwomba daktari wake agandishe sehemu yakiwa mayai tu. Hayo ni yake peke yake; akiyaacha, hakuna wa kumwuliza.