Umebakisha Mmoja na Mweusi Uko Mdomoni mwa Shimo: Hii Ndio Shoti ya Kupiga

Leo tuache kidogo stori za nani amemwacha nani. Leo ni pool. Tena si pool ya kupiga tu mradi mipira itawanyike. Naongelea ile dakika umeinama juu ya meza, fimbo iko mkononi, base yote imenyamaza, na wewe mwenyewe hujui unapiga nini.

Acha nianze na aibu yangu.

Ukitoka Kilifi mjini ukishika barabara ya Malindi, haukawii kufika Tezo. Kuna base moja pale kando ya barabara, jina nitaliweka kapuni. Meza ni moja, koini ni mbao, mshindi anabaki. Jioni hiyo nilikuwa nimewachapa watu wanne mfululizo, na unajua vile mtu akichapa wanne kichwa huvimba. Akaja jamaa mmoja wa boda, mpole tu, akasema, "Kaka, hii ya mbao ni ya watoto. Tuweke Jirongo."

Sasa mimi nilikuwa na Jirongo mfukoni, lakini haikuwa yangu. Mathe alikuwa amenituma nikajaze gesi. Nikaiweka.

Gemu ikaenda hadi nikabakisha mmoja na mweusi. Yeye alikuwa na miwili. Nikapima, nikachapa kwa nguvu, mpira wangu ukaingia shimoni paa! Base ikapiga kelele. Mimi tayari nilikuwa nimeinua mkono. Ila mweupe haukuwa umemaliza safari yake. Ulitoka ukutani ukatembea polepole kukata meza, ukaenda kuugusa mweusi, na mweusi ukaanguka.

Kama unacheza pool unajua hiyo ni nini. Mweusi ukiingia kwa shoti moja na mpira wako wa mwisho, umepoteza. Jirongo ikaondoka na boda. Wiki nzima nyumbani tulipikia makaa, na mathe hakunigombeza hata siku moja. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Wakati naondoka, kulikuwa na mzee amekaa kwa benchi na kikombe chake, ametulia. Akaniambia, "Mwanangu, wewe wacheza mpira wako tu. Wa mwenzio huuoni?" Nilimpita bila kujibu. Lakini hiyo maneno ilikaa kichwani, na ndio sababu naandika hii.

Panga vizibo, uone mwenyewe

Chukua vizibo vitano vya soda uvipange kwa meza yoyote ya mstatili, urefu mara mbili ya upana. Simama upande wa kuvunjia.

Mweupe uko upande wako, kushoto kidogo ya katikati. Mpira wako wa mwisho, tuuite mwekundu, umegandana na ukuta mrefu wa kulia, katikati ya shimo la kati na kona ya mbele. Mweusi uko mdomoni mwa shimo la kona ya mbele kushoto. Ukiupulizia tu unaanguka.

Jamaa ana miwili ya mistari. Mmoja uko mbele ya shimo la kati la kushoto, rahisi kabisa. Wa pili umebanwa kwenye ukuta wa mbele, kama shibiri moja hivi kutoka kwa mweusi.

Umeona? Poa. Sasa kabla hujapiga, jibu maswali matatu:

1. Nikiingiza, mweupe unaenda wapi?
2. Nikikosa, naacha nini mezani?
3. Huyu mwenzangu anahitaji nini ndio amalize?

Wengi wetu tunajiuliza swali moja tu, nalo haliko hapo: "Naweza kuingiza?" Hiyo siku nilijiuliza hilo, jibu likawa ndio, na kweli niliingiza. Na bado nilipoteza.

Anza na swali la tatu

Hapa ndipo mzee alikuwa na point. Angalia mipira ya jamaa. Ule wa shimo la kati ataingiza akiwa amefunga macho. Lakini ule wa ukuta wa mbele? Shimo lake la karibu limezibwa na mweusi, na hawezi kuugusa mweusi kabla ya kumaliza mipira yake. Njia iliyobaki ni kuusukuma kando ya ukuta, meza nzima kwa upana, hadi kona ya kulia. Hiyo ni shoti ngumu kwa mtu yeyote.

Kwa hivyo jamaa hamalizi gemu kwa zamu moja, labda awe na bahati ya mtende. Maana yake wewe una muda. Na mtu mwenye muda hana sababu ya kupiga shoti ya kufa kupona. Mimi nilipiga kama mtu anayefukuzwa, na hakuna aliyekuwa ananifukuza.

Darasa la One Pocket

Kuna gemu ya pool Wamarekani huipenda sana, inaitwa One Pocket. Mipira ni 15, na kila mchezaji ana shimo moja tu, mojawapo ya yale mawili ya kona upande mipira inapopangwa. Ukiingiza 8 kwa shimo lako, umeshinda. Ukiingiza kwa shimo la mwenzako, umemfanyia kazi yake bure. Ukifanya faulo unadaiwa mpira mmoja, na ukifanya tatu mfululizo gemu imeisha.

Ukicheza hivyo, akili inabadilika kwa lazima. Unaanza kuona mashimo kama milango. Huu ni wangu, ule ni wake, huu nimeuziba. Kuna wakati shoti ya maana zaidi haiingizi kitu, inamfungia tu mwenzako mlango.

Moja ya majina makubwa ya gemu hii ni Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa 1954, yule wanayemuita The Magician. Alikulia Manila kwa ukumbi wa pool wa mjomba wake, na usiku alikuwa analala juu ya meza. Mwaka wa 1999 akachukua ubingwa wa dunia wa mipira tisa kule Cardiff. Kinachofanya watu wamtazame hadi leo si nguvu. Ni vile anapiga shoti laini ambayo wewe huielewi hadi uone mwenzake amekwama.

Sasa rudi kwa vizibo vyako ukiwa na macho hayo.

Shoti ya kwanza: kishindo

Hii ndiyo niliipiga. Unaukata mwekundu kwa nguvu uende kando ya ukuta hadi kona ya mbele kulia.

Shida ni mweupe. Hapa unagonga karibu nusu ya mpira. Mweupe unaoviringika ukigonga nusu ya mpira hubadilisha njia kwa kama nyuzi 30 na kitu. Hapa unaingia ukutani, unaruka kwenda kushoto na mbele. Fuata hiyo njia kwa kidole juu ya meza yako. Unaishia wapi? Kona ya mbele kushoto, kwa mweusi. Hiyo Jirongo haikuibwa na mashetani, ni hesabu.

Mafundi watakuambia unaweza kuupiga mweupe chini kidogo ya katikati. Ukifika kwa mwekundu ukiwa unateleza bila kuviringika, hautoki na ile pembe ya kwenda mbele. Unaachana na njia ya mwekundu kwa nyuzi 90, unapiga ukuta na kurudi moja kwa moja upande wa kushoto, mbali na mweusi. Ni kweli. Lakini kwa umbali huo, na fimbo ya base ambayo ncha yake imekwisha, wangapi wanaiweza? Na ukikosa kwa nguvu, mwekundu unaruka kutoka kwa midomo ya shimo na kwenda kutalii.

Shoti ya pili: kujificha

Unaugusa mwekundu kiduchu tu ubavuni, mweupe unapiga ukuta wa kulia, ukuta wa mbele, halafu unarudi upande wa kuvunjia. Unamwachia jamaa mweupe mbali.

Si mbaya. Lakini mweupe unatembea safari ndefu na kuna mipira njiani. Halafu jiulize, umefunga mlango gani? Hakuna. Kona ya kulia bado iko wazi kwa ule mpira wake mgumu, na wako bado uko palepale ukutani.

Shoti ya tatu: pole, kwa kasi ya shimo

Hii ndiyo shoti, msee.

Ni kata ileile ya kwanza. Elekeza katikati ya mweupe kwenye ukingo wa mwekundu. Ila safari hii unapiga kwa nguvu ya kuufikisha mwekundu shimoni tu, isizidi. Ikiwa hakungekuwa na shimo, mpira ungesimama hapohapo.

Sasa yapitishe yale maswali.

Nikiingiza, mweupe unaenda wapi? Ukigonga nusu ya mpira, mwekundu unabeba takriban robo tatu ya nguvu. Mweupe unabaki na kidogo, ukuta unakula nyingine, unasimama kabla ya kufika kwa mweusi. Kinachofuata ni mweusi uliokaa mdomoni. Kazi imeisha.

Nikikosa, naacha nini? Mwekundu unakaa mdomoni mwa kona ya kulia. Na hapa ndipo utamu uko. Kona ya kushoto imezibwa na mweusi. Kona ya kulia imezibwa na mwekundu wako. Ule mpira wake wa ukuta wa mbele sasa hauna pa kwenda. Akijaribu kuusukuma kulia, huenda ndio utakuangushia wako.

Yeye anahitaji nini? Ataingiza ule rahisi wa katikati, halafu atasimama hapo anakuna kichwa.

Kwa hivyo ukiingiza unashinda, na ukikosa bado uko mbele. Shoti ya kishindo ilikuwa ukiingiza labda unashinda, ukikosa umekwisha. Mpira ni uleule, shimo ni lilelile, kilichobadilika ni kasi tu.

Lakini isome meza yako kwanza

Shoti ya polepole ina adui mmoja, nayo ni meza iliyolala upande. Meza nyingi za mtaani ziko juu ya sakafu ya simiti iliyopasuka au mchanga, mguu mmoja umewekewa kipande cha mbao. Mpira ukienda kasi hauoni huo mteremko. Ukienda pole, unaufuata.

Kwa hivyo ukiwa unangoja zamu yako, usikae kwa simu. Tazama mipira inapokaribia kusimama. Inajipinda upande gani? Kwa picha yetu, kama meza inalala kulia, furahi, ukuta utaushika mwekundu hadi shimoni. Kama inalala kushoto, mwekundu utabanduka ukutani njiani, na hapo ile shoti ya kujificha inakuwa bora.

Kitu cha pili ni hewa yetu ya pwani. Kitambaa cha meza kinavuta unyevu, hasa masika, na meza inakuwa nzito. Nguvu uliyotumia mchana wa jua kali haitoshi usiku baada ya mvua. Ongeza kidogo.

Na sheria. Kila base ina zake kuhusu faulo na mweusi. Uliza kabla ya koini kuingia. Ukiuliza baadaye, hiyo tayari ni vita.

Mazoezi ya mbao moja

Siku meza haina watu, mwambie rafiki yako mcheze One Pocket. Kila mtu achague kona moja ya mbele. Meza ya koini imemeza mpira hairudishi, kwa hivyo badilisheni kidogo. Mpira ukiingia shimo lisilo la mtu, hauhesabiwi. Ukifanya faulo, toa moja kwa hesabu yako. Andikeni na chaki. Wa kwanza kufika 8 ameshinda, na mipira ikiisha kabla, mwenye mingi ndiye bingwa. Gemu chache tu hivyo na utaanza kuona milango kila mahali.

Mwisho kabisa

Nimerudi hiyo base mara nyingi. Shoti ya polepole nimeipiga, kuna siku imeingia, kuna siku imekaa mdomoni, na kuna siku nimepoteza bado. Pool ni pool. Ila sijawahi kupoteza tena kwa mpira ambao sikuuangalia.

Na Jirongo ya mathe? Hiyo nayo ilikuwa shoti, tena niliipiga kabla hata sijashika fimbo. Ningejiuliza swali la pili tu, nikikosa naacha nini, jibu lilikuwa wazi. Ningeacha jiko la makaa na mathe akipuliza moto saa kumi na moja asubuhi.

Siku hizi nacheza ya mbao. Ya kwangu.