Radi imepiga, nani kaituma? Swali la kuzungumza kwenye jumuiya

Katika vijiji vya Manyovu, kama ilivyo Kasulu na Kibondo, watu wazima wengi hukutana kila wiki kwa ajili ya imani yao. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, Waadventista wana shule ya Sabato, na makanisa mengine yana vikundi vya akina mama na ibada za nyumbani. Huko watu husoma Neno, huchangia wagonjwa na hupanga misiba. Mahali hapo panafaa pia kuzungumzia sayansi na mambo ya asili, na somo la kuanza nalo tunalo juu ya vichwa vyetu kila msimu wa mvua: radi.

Tunaanza na radi kwa sababu inaua mara mbili. Kwanza inamuua aliyepigwa. Kisha, msiba ukiwa bado mbichi, mtu anauliza: "Nani kaituma?" Jina la jirani linatajwa, mara nyingi la bibi mzee anayeishi peke yake. Kutoka hapo nyumba inaweza kuchomwa moto, familia ikahama, au mzee wa watu akauawa. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyoanza mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Lakini polisi hufika baadaye. Wanaofika kwanza msibani ni wanajumuiya.

Radi ni nini?

Ni umeme. Ndani ya wingu zito la mvua, chembe za barafu hupanda na kushuka zikigongana. Kugongana huko hutenganisha chaji za umeme, na kwa kawaida chaji hasi hurundikana chini ya wingu. Hewa hairuhusu umeme upite kirahisi, lakini chaji zikizidi hewa hushindwa kuzizuia, na umeme huruka kwenda wingu jingine au ardhini.

Njia hiyo ya umeme hupata joto la nyuzi kama 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyochemka ghafla hutanuka kwa kishindo, na huo ndio mngurumo. Mwanga na mngurumo hutokea pamoja, ila mwanga hutufikia kwanza kwa sababu sauti husafiri polepole, takriban kilomita moja kwa sekunde tatu.

Kwa nini kwetu?

Utafiti uliotumia vipimo vya satelaiti na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba eneo la Kabare, karibu na Bukavu nchini Kongo, ndilo linaloongoza Afrika kwa radi. Linapata takriban radi 205 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Duniani linazidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Milima na maziwa makubwa husaidia kuinua hewa yenye joto na unyevu, na hewa hiyo ndiyo inayojenga mawingu ya radi. Sisi nasi tuko kwenye ukanda huohuo wa milima na maziwa.

Kwa nini basi nyumba ya huyu ipigwe na ya jirani iachwe? Radi hupendelea kilicho juu na kilichosimama peke yake: mti mrefu, nyumba ya kileleni, mtu aliyesimama katikati ya shamba. Ikipiga mti, umeme unaweza kumrukia aliyejikinga chini yake, au ukasambaa ardhini. Ndiyo maana ng'ombe wengi au watoto kadhaa huanguka pamoja kwa pigo moja. Ukiona hivyo ni umeme uliopita ardhini, na haihitaji mkono wa mtu.

Je, imani inapingana na hili?

Ulaya, kwa miaka mingi, makanisa yalipiga kengele ili kufukuza radi. Minara ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko majengo mengine, na wapiga kengele wengi walikufa wakiwa wameshika kamba. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alieleza jinsi nondo ya chuma iliyounganishwa na ardhi inavyoweza kulinda jengo, na baadaye makanisa mengi yakaifunga kwenye minara yao.

Padri mmoja Mkatoliki, Prokop Diviš, alisimamisha mlingoti wenye ncha nyingi za chuma mwaka 1754 katika kijiji cha Přímětice, ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki. Aliamini ungenyonya umeme kutoka mawinguni. Miaka michache baadaye ukame ukaja, wanakijiji wakasema mlingoti umezuia mvua, wakauangusha. Kwa hiyo kifaa peke yake hakitoshi, hata kikisimamishwa na padri. Watu wanahitaji kukaa pamoja na kuelewa.

Na Biblia yenyewe ina neno la kuanzia. Katika Luka 13, Yesu anazungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Sayansi inaeleza radi imepigaje. Swali la "kwa nini mwanangu?" linabaki la machozi, sala na kushikana mikono. Halijibiwi kwa kumtafuta bibi wa kumlaumu.

Jinsi ya kuendesha mazungumzo

Chagueni swali moja kwa siku moja. Mwalikeni mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata au mhudumu wa zahanati. Wazee waanze kueleza walichowahi kuona, na asichekwe anayesema radi ni jogoo, maana simulizi hiyo ni ya zamani katika nchi za Maziwa Makuu. Kisha mtenganishe mambo mawili: tuliyoyaona kwa macho na tuliyoambiwa. Mwisho, mkubaliane jambo la kufanya.

Haya yanafaa kuanza nayo:

- Ukiona mwanga na mngurumo ukafika kabla hujahesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.
- Jengo kubwa imara au gari lililofungwa lenye paa la chuma ni salama zaidi. Kibanda cha shambani na nyumba ya nyasi havikingi radi.
- Ukiwa shambani, weka jembe chini, shuka kutoka mlimani na ondoka chini ya mti. Mkiwa wengi, msisimame pamoja.
- Kuwa na simu mkononi hakuiti radi. Hatari ni kuishika ikiwa kwenye chaji.
- Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse bila hofu. Kama hapumui, mbonyezeni kifua kwa nguvu na haraka katikati, na mtu mwingine atafute usafiri wa kwenda hospitali. Wengi wanaopigwa hupona.

Na la mwisho liwe ahadi ya jumuiya nzima: radi ikipiga kwetu, hakuna atakayetaja jina la mtu msibani, na anayetajwa na wengine tutamlinda. Ahadi hiyo ifanyike sasa, kabla wingu halijatanda.