Je, Mashine Zitachukua Kazi ya Muuguzi?



Siku hizi wazazi wenye watoto waliomaliza kidato cha nne wanatuuliza hospitalini swali ambalo zamani hatukulisikia. Wanataka kujua kama inafaa kuuza ng'ombe au kiwanja ili kumlipia mtoto ada ya chuo cha uuguzi au cha maabara, wakati inasemekana kwamba kompyuta ndizo zitakazofanya kazi hizo. Swali hili si la kuchekwa. Ada ni fedha nyingi, na mzazi hapendi kumsomesha mtoto kazi itakayokufa kabla hajapokea mshahara wa kwanza.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: mashine huchukua shughuli fulani zilizomo ndani ya kazi, mara chache huchukua kazi nzima. Kinachobaki mikononi mwa binadamu hudai mtu makini zaidi kuliko zamani. Tuangalie mifano.

KAZI ZILIZOKWISHA ONDOKA

Sisi tulioanza uuguzi zamani kidogo tunazikumbuka sindano za kioo. Zilioshwa, zikachemshwa, na ncha zake zikanolewa zilipokuwa butu. Zilipoenea sindano za kutumia mara moja na kutupa, kazi hiyo ilikwisha, na muuguzi akapata muda zaidi wa kukaa na wagonjwa.

Lakini si kila badiliko lilipita bila maumivu. Zamani picha za eksirei zilisafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza chenye taa nyekundu hafifu, kisha zikaanikwa zikauke. Leo, penye mashine mpya, picha huonekana katika kompyuta baada ya muda mfupi. Mtu ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kusafisha picha alijikuta hana la kufanya, isipokuwa kama alifundishwa kazi nyingine. Fundisho la kwanza ni hilo: anayejua hatua moja tu ya kazi yuko hatarini, anayemjua mgonjwa na safari yake yote hukosa kazi kwa nadra.

MFANO WA KIFUA KIKUU

Tarehe 24 Machi 1882 daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amegundua vijidudu vya kifua kikuu. Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo, njia kuu ya kuvitafuta ilikuwa kupaka makohozi kwenye kipande cha kioo, kuyatia rangi na kuyatazama kwa hadubini. Mtaalamu wa maabara hutakiwa kupitisha jicho sehemu 100 za kioo kimoja kabla ya kusema kwamba hakuna vijidudu. Kwa kuwa macho huchoka, imeshauriwa asitazame zaidi ya vioo 25 hivi kwa siku. Hata hivyo, wagonjwa wenye vijidudu vichache, hasa watoto na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mara nyingi hawagunduliki kwa njia hii.

Mnamo Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha matumizi ya kipimo cha mashine iitwayo GeneXpert. Makohozi huchanganywa na dawa, hutiwa katika kikasha kidogo, na mashine hutafuta yenyewe chembe za urithi za vijidudu. Jibu hutoka kwa muda usiozidi saa 2, na papo hapo huonyesha kama vijidudu hivyo ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu.

Je, mtaalamu wa maabara amekosa kazi? La. Kazi yake imebadilika. Jicho lake limepumzika, lakini sasa lazima ajue kutunza mashine, kuagiza vikasha kabla havijaisha, na kutambua jibu lenye mashaka. Umeme ukikatika na hakuna akiba, mashine hukaa kimya, na yule anayejua kutumia hadubini anahitajika tena. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Naye muuguzi kazi yake imeongezeka. Mashine haiwezi kugeuza mate kuwa makohozi. Ni lazima mtu amwelekeze mgonjwa kwa upole namna ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kutoka ndani ya kifua, tena mahali pa wazi penye hewa. Jibu likitoka, ni lazima mtu amtafute mgonjwa nyumbani, amweleze asiogope, ahakikishe anamaliza dawa, na awapime watoto wanaolala naye. Jibu la saa 2 likikaa wiki 2 ndani ya droo, mashine haijasaidia kitu.

UTABIRI WA MWAKA 2016

Geoffrey Hinton ni bingwa mkubwa wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi sana. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na mwenzake. Mwaka 2016 alisema kwamba ingefaa tuache kabisa kuwafundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwani ndani ya miaka 5 kompyuta ingewashinda. Miaka hiyo 5 ilipita, na bado hospitali nyingi za Marekani na Ulaya zina upungufu wa madaktari hao. Kompyuta zimekuja kweli, lakini zimekuwa wasaidizi wao.

Hata hivyo, tusiudharau utabiri huo wote. Mwaka 2021 WHO ilikubali kwamba programu ya kompyuta inaweza kusoma picha ya kifua badala ya mtu, katika kuwachuja wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Mahali pasipo na daktari wa picha, jambo hili ni faida kubwa. Ila ushauri ule ulihusu watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Watoto wadogo hawakuhusishwa. Tena, anayeonekana na dalili katika picha bado hupimwa makohozi ili kupata uhakika.

MASHINE NAYO HUKOSEA

Wengi mmekiona kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni mwilini. Ni kifaa kizuri na kimeokoa wengi. Lakini Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kifaa hicho humkosea mtu mweusi mara nyingi kuliko mweupe: husema oksijeni inatosha kumbe imepungua. Miongoni mwa wagonjwa weusi ambao kifaa kilisema wako salama, karibu 12 katika kila 100 walikuwa na upungufu; kwa weupe walikuwa karibu 4. Mwanga wa kifaa hupita katika ngozi, na rangi ya ngozi huathiri kipimo.

Kwa hiyo hata kifaa kikisema mtoto ni mzima, mtazame mtoto mwenyewe. Mhesabie pumzi dakika 1 nzima akiwa ametulia. Kupumua mara 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua kwa haraka. Apelekwe kwenye kituo cha afya. Mbavu za chini zikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, msingoje kuche.

TUFANYE NINI?

1. Msiogope kuwasomesha watoto kazi za afya. WHO inakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itapungukiwa na watumishi wa afya zaidi ya milioni 10, wengi wao katika nchi maskini kama zetu.

2. Mtoto asitosheke na kubonyeza vitufe. Ajifunze vizuri hesabu, baiolojia na lugha, aelewe kwa nini mashine inatoa jibu hilo. Ajifunze pia kompyuta, maana rejista za karatasi zinapungua.

3. Ziko kazi mpya. Tangu Oktoba 2016 nchini Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Kazi hiyo inahitaji watu wa kuhifadhi damu, kufungasha, kurusha ndege na kuzitengeneza. Kijana mwenye mikono ya ufundi ana nafasi hospitalini, hata kama hapendi kuchoma sindano.

4. Ninyi wagonjwa, ulizeni bila woga: Kipimo hiki kinapima nini? Nani ameliangalia jibu? Nikizidi kuumwa nimwone nani? Mtumishi mzuri hakasirikii maswali hayo.

5. Nasi watumishi, kila mashine mpya inapofika tudai mafunzo kwa wote, pamoja na wale ambao shughuli yao inaondolewa. Karani au msaidizi aliyekaa na wagonjwa miaka 20 ana mengi ambayo hayamo ndani ya kompyuta.

Basi, mzazi mwenye kiwanja cha kuuza aangalie kwanza moyo wa mtoto wake. Kama anapenda watu, ana subira na hachoki kujifunza, ada hiyo haitapotea. Kama anatafuta kazi ya kukaa na kubonyeza tu, hapo mashine itamshinda.