Angioplasti ya moyo

Angioplasti ya moyo ni matibabu ya kuzibua ateri zinazopeleka damu kwenye msuli wa moyo bila kupasua kifua. Ateri hizo huwa nyembamba pale mafuta, hasa kolesteroli, yanapojikusanya katika kuta zake. Mgonjwa huanza kubanwa kifua akipanda ngazi au akifanya kazi nzito. Donge la damu likiziba ateri kabisa, hupata shambulio la moyo.

Kwa kawaida mgonjwa huwa macho. Daktari humchoma sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono au kinenani, kisha hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba unaopindika, ndani ya ateri hadi karibu na moyo. Dawa inayoonekana kwa eksirei huingizwa ili mahali palipoziba paonekane kwenye skrini. Waya mwembamba hupenyezwa hapo, na juu yake husukumwa kiputo kilichonywea. Kikijazwa (kwa kimiminika, si hewa, maana kikipasuka hewa ingeingia kwenye damu) huyakandamiza mafuta ukutani. Mara nyingi huachwa hapo stenti, bomba dogo la wavu wa chuma linalozuia ateri isijifunge tena.

Historia

Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijiingizia katheta mkononi hadi moyoni, kisha akatembea mwenyewe hadi chumba cha eksirei kupata picha ya ushahidi. Alilaumiwa sana; mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel. Andreas Grüntzig, aliyetengeneza viputo vyake vya kwanza jikoni kwake, alizibua ateri ya moyo kwa njia hii tarehe 16 Septemba 1977 mjini Zürich, Uswisi. Stenti za moyo zilifuata mwaka 1986. Nchini Tanzania matibabu haya hutolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Manufaa na mipaka

Wakati wa shambulio la moyo, angioplasti ya haraka huokoa maisha, kwa kuwa msuli uliokosa damu hufa. Hospitali nyingi hulenga kuzibua ateri ndani ya dakika 90 tangu mgonjwa afike. Kwa maumivu ya muda mrefu yasiyobadilika hali ni tofauti: utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba stenti hupunguza maumivu, lakini haikupunguza vifo kuliko dawa peke yake. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, na wengi hudhani wamepona kabisa. Baada ya kuwekewa stenti mgonjwa hutumia aspirini pamoja na dawa nyingine kama klopidogreli kwa miezi kadhaa. Akiziacha ghafla, damu inaweza kuganda ndani ya stenti.