Wiki ya kukaribishwa haimfikii aliyechelewa

Kila mwaka mpya wa masomo, Chuo Kikuu cha Machakos, kama vyuo vingine vya umma nchini, hutenga siku za kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanaelekezwa maktaba, zahanati na ofisi za walezi, wanahutubiwa, kisha masomo yanaanza. Ni jambo jema. Ila anayelikosa mara nyingi ni yule anayelihitaji zaidi.

Kijana wa Masinga au Yatta, ambako mvua ikikosa hakuvunwi kitu, huenda bado anachangiwa karo wakati wenzake wanapokelewa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, nao haumsubiri langoni. Akiripoti wiki ya tatu, hotuba zimekwisha. Anaingia darasani, ananakili maelezo, hata majaribio anafanya, lakini hajui kwamba kila somo husajiliwa kwenye tovuti ya chuo. Mtihani unafika, jina lake halimo orodhani. Huyo hakushindwa na hesabu wala kemia. Ameshindwa na utaratibu, na pengine kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu ambaye angempigia simu kumuuliza.

Kenya iliwahi kuwaandaa vijana kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia 1984 hadi 1990, waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu vya umma walipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Lakini shabaha ilikuwa nidhamu, baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Kwata haimfundishi mtu kusoma kitabu cha kurasa mia nne peke yake.

Kwingine maandalizi yalilenga masomo yenyewe. Marekani wana mpango uitwao Upward Bound, ulioanza miaka ya 1960, wa kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kutoka familia maskini kwa masomo ya chuo. Watafiti walipoupima kwa kulinganisha walioingizwa kwa kura na waliokosa nafasi, waliona kwamba kwa jumla haukuongeza sana idadi ya wanaojiunga na vyuo. Walionufaika waziwazi ni wale ambao hawakutarajia kufika mbali kielimu. Wastani ulikuwa umewaficha.

Kwa hiyo kuhesabu waliojaa ukumbini siku ya kwanza hakutuambii kitu. Hesabu ya maana ni ya waliosajili masomo, waliofanya mitihani na waliorejea mwaka wa pili, ikitenganisha waliofika mapema na waliochelewa, wenye ufadhili na wasio nao. Takwimu hizo chuo kinazo tayari katika ofisi ya msajili. Kinachohitajika ni mtu wa kuzisoma.

Naomba wakuu wa vyuo wafanye mambo mawili muhula ujao: waandae mapokezi ya pili wiki ya tano, na wampigie simu kila aliyepata nafasi ambaye hajasajili somo hata moja.